Mzee Aliyeniamkia Mlimani Mgori

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, ndiyo nianze. Mimi situngi hadithi. Shule niliishia darasa la tatu, na mtu wa darasa la tatu hana akili ya kutunga, ana macho tu. Haya niliyaona kwa macho haya, asubuhi kweupe, sijalewa, sina homa. Ukibisha, njoo Mgori unitazame nilivyo, halafu waulize niliozaliwa nao mwaka mmoja nimekuwa hivi tangu lini.

Nianze na miguu, maana ndiyo iliyopotea.

Wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa tena, wenzangu walinunua baiskeli. Mimi nilikuwa na miguu. Nilibeba sabuni, viberiti, tumbaku na betri za redio mgongoni, nikavuka msitu kwa mbio kwenda kuwauzia Wamang'ati, wafugaji wa upande wa pili, nikarudi na samli. Mtu wa kawaida alivuka kwa siku nzima. Mimi nilitoka jogoo la kwanza, saa nne asubuhi nimeshauza. Hakuna aliyenipa mtaji, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kwa miguu hiyo nilijenga nyumba ya bati kabla sijafika miaka thelathini na tano, nikamnunulia mama ng'ombe wa maziwa. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, siyo kwa kujisifu. Au sawa, najisifu. Nani atanizuia?

Sasa, hela ina tabia yake. Watu wazima, watu waliomzidi umri hata kaka yangu mkubwa, walianza kuniamkia mimi. Mtu ana shida ya sabuni, anapiga hodi: "Shikamoo bosi." Mara ya kwanza nilishtuka nikamwambia, "Hapana mzee, shikamoo wewe." Mara ya pili nilicheka. Mara ya tatu nikaitikia. Mama alinisikia siku moja, akaacha kupepeta mtama.

"Yule ni wa rika la baba yako."

"Mama, ameniamkia mwenyewe."

"Na wewe ukaitikia mwenyewe."

Nikaona ni maneno ya kikongwe. Nikaendelea.

Ndipo akaja mzungu mmoja wa mambo ya misitu. Huyo kila asubuhi alikuwa anakimbia, hana mzigo, haendi popote, anakimbia na kurudi. Wanawake kisimani walikufa kwa kucheka.

"Huyu anafukuzwa na nani?"

"Labda na mke wake."

"Mke si amemwacha Ulaya?"

"Basi ana mbio kweli, kafika mpaka Mgori!"

Kumbe alikuwa anatafuta njia. Alitaka njia tatu za kukimbilia milimani ndani ya hifadhi: fupi ya wageni wachovu, ya kati ya watu wa kawaida, na ndefu inayopanda mpaka mgongo wa juu kabisa. Watu watoke Arusha, watoke hata nje, waje kukimbia kila mwaka mwezi wa sita. Akauliza nani anaujua msitu, wakamletea mimi. Nikamkimbiza. Kilima cha pili akatapika, akajifuta, akacheka, akanipa mkono. "Wewe mkuu wa njia," akasema. Mwaka huo na miaka yote itakayokuja, mimi ndiye nitakayewatangulia wakimbiaji kwenye njia ndefu. Akanipa na raba mpya, siyo mitumba.

Kazi hiyo niliifanya vizuri, niamini. Watu wanadhani njia ya ng'ombe inafaa kwa mbio. Haifai. Ng'ombe ana tumbo, anazunguka. Na njia ya kukatiza moja kwa moja inakata pumzi. Mkimbiaji anataka aone pa kukanyaga hatua tatu kabla hajafika. Kwa hiyo nilifyeka kidogo hapa, nikahamisha jiwe pale, na kila mahali nikafunga kitambaa chekundu kwenye mti wa kulia, usawa wa kifua. Penye njia panda, vitambaa viwili. Mpaka wiki ya mbio zenyewe nilikuwa nimemaliza.

Siku mbili kabla ya mbio nikapanda peke yangu kukagua vitambaa, maana watoto wa wachungaji huwa wanavichukua. Ilikuwa kipupwe. Chini jua lilishatoka, lakini juu mgongoni kulikuwa na ukungu, mtu huoni mti wa tatu. Nilikuwa nakimbia vizuri, mwili umeshapata moto. Nikasikia mtu anakohoa mbele.

Mzee. Amekaa juu ya jiwe pembeni mwa njia yangu, amejifunika kaniki, miguuni katambuga za tairi zilizolika mpaka waya unaonekana. Uso wake sijui niueleze vipi. Umewahi kuona mtu mzee mpaka huwezi kujua alikuwa anafanana na nani? Ndiyo huyo. Kikombe hana, kibuyu hana, fimbo hana. Alifikaje pale juu?

Nilipaswa kumwamkia mimi kwanza. Mtoto mdogo wa kwetu anajua hivyo. Lakini nilikuwa nahema, nikasimama kufunga kitambaa kilicholegea, nikamwacha anisubiri. Akatangulia yeye.

"Shikamoo," akasema. Kiswahili safi, wakati vikongwe wa umri ule huku kwetu walikuwa wanaongea Kinyaturu tu.

"Marahaba, mzee," nikamjibu, hata sikugeuka.

Sikiliza hayo maneno mawili yalivyokaa pamoja. Marahaba, mzee. Nani anasema hivyo? Mimi nilisema.

Akafumba macho kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulivyosema."

"Marahaba," nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye haraka.

"Asante, mwanangu. Hapa nimewaamkia wengi. Wawindaji, warina asali, mpaka karani mmoja wa Mjerumani. Wote walinirudishia. Watu wa huku wana adabu sana. Imenitesa."

Akasimama. Sikuona anasimama kizee, kwa kushika goti na kutafuta pa kujiegemeza. Alisimama mara moja. Akavua katambuga zake, akazipanga vizuri juu ya jiwe kama mtu anayeingia ndani ya nyumba, akaanza kukimbia kuteremka njia yangu. Na mwendo ule niliujua. Mimi utotoni nilivunjika kiwiko cha kushoto, nikikimbia mkono huo natupa nje kidogo. Yule mzee aliutupa nje. Mkono wa kushoto, vilevile. Ukungu ukammeza, nikabaki nasikia vishindo, tena vishindo vyepesi, vishindo vyangu.

Nikataka kumfuata. Mguu haukuja. Nikatazama mikono iliyoshika kitambaa, nikaona mishipa na ngozi ya mtu mwingine. Nilishindwa hata kukaza lile fundo.

Sikulia. Nilikaa pale mpaka nikaelewa kwamba kukaa hakusaidii, nikaanza kuteremka. Mteremko niliozoea kuumaliza kwa muda wa kupika ugali ulinichukua kutwa. Nilishika kila mti. Vitambaa vyangu vilinionyesha njia, hilo nalisema, vilikuwa vimefungwa mahali sahihi.

Jua linazama nikafika njia ya kisimani, nikakutana na mama amejitwika ndoo. Aliponiona akatoka njiani, akasimama kwenye majani, akainamisha macho.

"Shikamoo, baba," akasema.

Mama yangu mzazi. Neno la kuitikia lilikuwa tayari mdomoni, kwa mazoea tu. Nikaling'ata. Mama hakuwa na miaka ya kunitwika kama yule mzee, mwili wangu ulikuwa umeshampita; lakini kuitikia shikamoo ya aliyenizaa, hilo nilikuwa nimeshalikoma.

"Hasikii, maskini," akajisemea, akaanza kuondoka.

"Mama. Ni mimi."

Sauti haikuzeeka sana. Ndoo ilianguka. Alinizunguka, akanishika kiwiko cha kushoto, akakipapasa pale kilipovunjikia. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Umemwitikia nani huko?"

Nikamweleza. Akasema, "Niamkie mimi. Nitaitikia. Mimi nimeshaishi."

Nikamziba mdomo kwa kiganja.

Hospitali waliniambia magoti yamelika na damu haina nguvu, wakanipa vidonge; kijijini, mama alipowathibitishia kwamba ni mimi, wakasema ni ugonjwa. Mzungu alikuja nyumbani na ramani yake, akanikuta nimekaa nje. Akanisalimia kwa heshima, akaniuliza, "Mzee, kijana wangu yuko wapi?" Nikamwambia amesafiri. Akauliza atarudi lini. Nikamwambia sijui. Aliondoka amekasirika, nilimwona. Raba zake nilimpa Athumani, mtoto wa jirani yetu, ndiye aliyewatangulia wakimbiaji siku ile. Mbio zilikwenda vizuri. Nilisikia wageni walisifu njia.

Biashara nilifungua dirisha la duka hapahapa nyumbani, nikaketi. Sikufilisika. Lakini mama alinitesa kwa namna yake. Kila asubuhi alikuja kusimama mbele ya dirisha, akangoja. Mtoto gani haamkii mama yake? Mimi. Watu wakasema hela imeniharibu, nimekuwa na kiburi mpaka kwa mzazi. Nilisema "umeamkaje" tu, nikatazama pembeni. Yeye akasema, "Sema vizuri, kama ulivyolelewa," na macho yake yanajua anachoomba. Sikusema. Miaka mingi sikusema, mpaka siku tunamzika. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna anayeijua.

Alipokufa, nikajaribu. Sifichi. Nilipanda mgongo wa juu kwa siku mbili, nikalala njiani kama mzigo, nikakaa juu ya lile jiwe kwenye ukungu. Athumani akaja anakimbia, wakati huo ni mwanaume mwenye watoto.

"Shikamoo," nikamwambia.

Akasimama kama amegonga ukuta. "Babu! Umefikaje huku?"

"Shikamoo."

"Shikamoo wewe! Unataka mama anichape na ndevu hizi?" Akacheka, akaninywesha maji, akainama, akanipandisha mgongoni. Alinibeba mpaka chini, anaimba. Mpaka leo hajui nilitaka kumfanya nini, na mimi sikumwambia.

Tangu siku ile ya kwanza sijazeeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniambia kwamba huu uzee si wangu, niliwekewa tu. Wenzangu wa rika wamenifikia sasa, tunafanana. Wengine wameshanipita, wamezikwa. Mimi nipo palepale.

Kwa hiyo wewe unayekuja kukimbia huku, na viatu vyako vya rangi na waya masikioni, toa huo waya unisikilize. Njia ndefu bado ipo. Ukimkuta mzee amekaa juu pale, akakutangulia kukuamkia, usicheke, usiitikie, usitikise kichwa, usidhani anakuheshimu kwa sababu una gari. Mrudishie shikamoo yake upesi, kwa sauti, upite. Sikuzungumzii yule aliyechukua miguu yangu. Huyo sijui aliko, na hana haja na wewe tena. Nazungumza juu yangu mimi. Sijawahi kumwibia mtu katika biashara yangu yote, nilimwambia kila mteja kasoro ya bidhaa kabla hajainunua, na wewe nimeshakwambia. Mwezi wa sita ukungu ukishuka, napanda.