Makaa Yaliyobana Pumzi

Safari iliyonifikisha Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, ilianza Tanga, nami sikuwa na nia ya kufika huko. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali mpaka godoro likajua umbo langu. Nilikwenda Mombasa, nikavuka hadi Moroni, nikauza mitumba, nikaugua, nikapona, nikapanda meli iliyobeba vitunguu na mbuzi hadi Mahajanga. Nilitapika njia nzima. Nilipokanyaga nchi kavu mji uliendelea kuyumba, na hata leo nikiukumbuka unayumba kidogo.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilipanga chumba Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, kwa familia ya Kikomori. Kiswahili changu hakikunifaa sana. Mjini walisema Kimalagasi na Kifaransa, na Kikomori cha mle nyumbani nilikidaka nusunusu, kama redio ya jirani. Nikapata kazi katika kikosi kilichokuwa kikitoboa ardhi bara, mkabala na Nosy Be, kutafuta gesi iliyomo ndani ya makaa ya mawe.

Mtambo ulileta juu vipande virefu vya makaa, vya duara kama miwa. Vilifungiwa palepale ndani ya mikebe isiyovuja, nami nikaisindikiza kwa boti kupitia Nosy Be hadi ghala letu Mahajanga. Huko kila mkebe uliunganishwa kwa mpira na bomba la kioo lenye maji. Gesi ilipojitoa kwenye makaa, viputo vilipanda na maji yakashuka. Mchana wa joto, mji mzima ukisinzia, nililala mkekani katikati ya mikebe nikisikiliza: blup, kimya, blup. Nikaota kwamba msitu wa kale uliozikwa ukageuka makaa ulikuwa bado unapumua, na kila kiputo ni jani linalofunguka.

Nilipongoja boti Nosy Be, nilizoea kwenda kijiji cha Ambanoro kwa mjane mmoja aliyekuwa akikeneka kwa mvuke mafuta ya manukato ya maua ya langilangi. Alitoka katika ukoo wa zamani wa Waislamu wa pwani. Kiswahili alijua maneno ya sala, ya mizani na ya tanga, basi. Mengine tuliyasema kwa Kimalagasi changu cha kuchechemea. Kuni zilikuwa zimeadimika, na mtambo wake ulikula kuni kama harusi inavyokula mchele.

"Mgeni, hiyo gesi yako itawasha jiko langu?"

"Ikitoka, bibie, utausahau moshi."

"Basi ikitoka, lete posa. Isipotoka, lete kuni!"

Wanawake waliokuwa wakichambua maua wakaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini lile neno la posa nililibeba hadi Mahajanga. Gesi ikipatikana, kazi itakuwa ya kudumu. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kubaki mahali.

Siku moja nilimsaidia kujaza maua kwenye pipa la shaba, nikayakandamiza kwa mikono yote miwili ili yaingie mengi. Akanichapa kiganjani.

"Usishindilie! Mvuke utapita wapi?"

Walipokijaribu kisima tulichotoboa, nilikuwapo. Pampu ilivuta maji kutoka kwenye tabaka la makaa, maana maji ndiyo yanayoibana gesi humo. Yakipungua, gesi hujiachia na kufuata nyufa hadi kisimani. Maji yalikuja kwa matone, kisha hayakuja. Mwishoni mwa bomba ukawaka mwali wa samawati, mdogo kuliko wa kibatari. Ukayumba, ukazima.

Mhandisi, mtu mpole wa nyanda za juu, alinionyesha kipande cha makaa. Nyufa zake zilikuwa nyembamba kama unywele, nazo zimejaa madini meupe kama chokaa.

"Lakini mikebe inatoa viputo," nilisema, kama mtu anayebembeleza.

"Kipande ni kidogo, gesi haina safari. Kule chini safari ni ndefu, na uzito wa mwamba umezibana hata nyufa zilizosalia. Gesi tele, njia hakuna."

"Hatuwezi kuipasulia njia?"

"Kwa mitambo tusiyo nayo." Akajifuta mikono. "Tunafunga kambi."

Nilifika Ambanoro asubuhi, begi begani. Alikuwa akiweka maua kwenye pipa, konzi kwa konzi, polepole kama anayelaza mtoto.

"Imetoka?"

"Haikutoka."

"Imo, au haimo?"

"Imo tele. Haina pa kupita."

Akaacha maua. Akanitazama, safari hii bila kucheka.

"Na kuni, umeleta?"

Nilidhani ananitania. Nikalitazama begi langu.

"Sina."

Alingoja, mfuniko mkononi. Nilikuwa na maneno mengi, kwa lugha tatu, na hata moja halikutoka. Mwishowe akafunika pipa, akaziba ukingo wake kwa unga uliokandwa, akiupitisha kidole taratibu pande zote.

"Basi nenda, mgeni. Boti haitakungoja."

Nikashika njia ya bandari ya Hell-Ville, na sikurudi tena. Nilikuwa sijafika mbali harufu ya langilangi iliponifikia. Mvuke ulikuwa umeshaanza kupita.