Baba Alikufa Akisubiri Ndege ya Kutoka Toronto

Admin, jina langu lisionekane, maana ndugu zangu wengi wanafuatilia ukurasa huu. Nina miaka 41, nimeolewa hapa Bariadi mjini, kwetu ni Sapiwi. Tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume anayeishi Toronto, Kanada. Ninamchukia, na sioni sababu ya kuficha.

Baba alipozidiwa nilirudi nyumbani kumuuguza. Alikuwa anamtaja mdogo wangu tu. Nikampigia, akasema, "Dada, nimepata tiketi, kesho asubuhi napanda." Kwamba atapita Addis Ababa, Dar, halafu Mwanza, safari ya siku nzima na zaidi. Baada ya hapo simu haikupatikana, tukajua yuko angani.

Baba akabadilika. Akakubali uji, akaomba anyolewe ndevu. Kila nikiingia ananiuliza, akiniita mama kwa kilugha chetu, "Mayu, ndege imefika wapi?" Mimi sijawahi kupanda ndege, lakini namjibu, "Iko juu ya bahari, baba." Baadaye nikasema Addis. Baadaye Dar. Siku ya tatu nikaishiwa viwanja vya kumtajia, nikamwambia mvua imeizuia Mwanza. Akasema, "Basi nitamsubiri." Kesho yake alifariki, uso ameugeuzia mlangoni.

Mume wangu akatuma ujumbe wa msiba. Simu ile ile isiyopatikana ikajibu hapo hapo! Keshokutwa yake bwana mkubwa kashuka Mwanza, kapita Nyashimo, kafika kabla hatujazika. Akalia kumshinda mama. Akawaambia watu ndege iliharibika Addis, akakwama huko.

Nilimvuta nyuma ya zizi. "Ulikuwa wapi siku zote hizo?"

Akanitazama bila hata aibu. "Dada, ni zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili. Mzee alikuwa anakwenda tu. Nije kumuona, nirudi, halafu nije tena kuzika? Nilisubiri nije mara moja."

"Sasa kwa nini ulisema umepanda?"

"Ili msinisumbue."

Tangu siku hiyo sijampa mkono wala chakula changu. Mama hajui kitu. Anamhurumia, anasema mwanangu kateseka njiani, wewe unamnunia kwa wivu wa Ulaya. Jumamosi hii, kabla hajaondoka, wajomba wanakaa, na mama anataka nipige magoti mbele yao nimwombe radhi.

Nikisema ukweli, mama atajua mumewe alikuwa anasubiriwa afe. Yeye mwenyewe ana presha, na huyo ndiye mtoto wake wa kiume pekee. Nikinyamaza, napiga magoti kwa mtu ambaye ningetamani nisimwone tena duniani.

Ninyi wenzangu mngesema, au mngemeza? Na tafadhali, asije mtu kuniandikia nimsamehe. Hilo sijauliza.