Mkeka wa Bi Hind

Mahfoudha alikuwa mtu mdogo, na sauti yake ukitaka kuisikia uiname. Alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne na mumewe na mwana wao mmoja, Nasriya. Mume akafia hapa Maskati, naye akabaki kushona suruali za marinda. Mama na mwana walikaa chumba cha uani kwa Bi Sayyida, bure, kwa ihsani. Na ihsani yenyewe ilikuwa na mdomo: kila mgeni akisimuliwa.

Mwaka wa sabini wanawake wa Unguja wakataka kuchagua mkubwa wa kushika masufuria na majamvi ya harusi na matanga. Waliotajwa ni wawili: Bi Sayyida, ambaye vyombo vilikuwa kwake na akiwaazima jamaa zake tu, na Bi Hind, muuguzi wa hospitali, aliyesema kila mwenye msiba apewe. Kura ya siri? Thubutu! “Sisi ndugu, tufichane nini?” alisema Bi Sayyida. Itandikwe mikeka miwili nyumbani kwake, kila mtu akae kwa amtakaye. Na iwe saa nne asubuhi. Saa nne, Bi Hind yuko zamu, na wengi wa watu wake wako makazini. Asiyekuwepo hahesabiwi.

Siku ilipofika halwa ikapita, kahawa ikapita. Wanawake wakauendea mkeka wa Bi Sayyida mmoja mmoja, wengine macho chini. Nasriya naye akaenda. Ilimpeleka hofu ya kulala nje. Akamwekea mama yake nafasi.

Mahfoudha akaipita. Akaenda kukaa katikati ya mkeka wa Bi Hind, peke yake, akalitengeneza buibui lake. Subhanallah! Nasriya akainuka nusu, akakaa tena. Mama huyu, ambaye paka akilala mlangoni humruka asimwamshe!

“Mahfoudha, umekosea mkeka,” akasema Bi Sayyida.

“Sikukosea, bibi. Matanga ya mume wangu nilipika kwa sufuria la jirani wa Kibaluchi, na masufuria yetu yamo humu ndani. Nnamtaka Hind.”

Bi Sayyida akashinda, kama ilivyopangwa. Watu walipotawanyika akamfuata Mahfoudha uani.

“Chumba changu nnakitaka.”

“Nnajua, bibi. Mizigo nimeifunga tangu alfajiri.”

Nasriya akasukuma mlango. Kweli, vitanda vitupu, na sanduku limefungwa kamba. Akamtazama mama yake kama anamwona leo, na haya zikamjaa.

“Tunakwenda wapi, mama?”

“Sijui, mwanangu. Shika upande huo.”

Nasriya akashika.