Nyumba Bila Bwana

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu hadi mtaa wa Lucky Summer kutafuta nyumba. Mwenye ploti ya nyumba za kupanga, mama mjane wa rika langu aliyejifunga leso, alishika funguo akamuuliza, “Bwana yako ako wapi?”

“Sina. Lakini niko na kazi.”

“Basi siwezi kukupa. Mwanamke bila bwana analeta shida kwa ploti.”

Mjukuu akanigeukia. “Shosho, hii ndio mfumo dume. Mwanaume ndio mtu, sisi tunahesabiwa tukiwa nyuma yake.”

Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na mwanaume hata mmoja.

Nikamuuliza mwenye ploti, “Na wewe mama, tangu uzike mzee, nani anaendesha hii ploti?”

Akaangalia zile funguo, akampa mjukuu wangu. “Lakini wageni wanaume, hapana!”

Kumbe hiyo mfumo dume inavaa hata leso.