Sungura Aliyeshtakiwa kwa Kabichi za Baba

Enzi zetu mboga ilikuwa na kesi. Nasema enzi zetu ingawa bado niko sekondari, maana wadogo zangu wamezaliwa simu ikiwangojea kitandani, na hawajui kabichi inatoka upande gani wa udongo.

Sisi tulikulia kambi ya magereza, upande wa Mafubira. Kila familia ilikuwa na kipande cha bustani nyuma ya nyumba, na kila baba, askari wa gereza, alikilinda kama alivyowalinda wafungwa. Baba yangu alikagua miche yake kila alfajiri, mswaki mdomoni, buti hazijafungwa kamba. Asubuhi moja akakuta kabichi changa zimelala chini, zimekatwa shingo.

"Hii sungura yako ndiyo mwizi," akaniambia.

Sungura wangu aliitwa Koplo. Hukumu ilitoka papo hapo: Jumapili angekuwa mchuzi. Jirani yetu, Mama Okiror, hakungoja rufaa. Alileta vitunguu.

"Mtoto, usilie. Nitakuachia mguu."

Baba akafunga kibanda cha Koplo kwa kufuli ya kazini. Kulipokucha, miche mingine ilikuwa chini. Mtu mwingine angesema basi, mshtakiwa alikuwa ndani. Baba alikuna kidevu. "Ana wenzake huko nje." Miaka yote hiyo gerezani, na hilo ndilo alilojifunza.

Mimi nilikuwa na aibu hata ya kuomba chumvi mezani. Lakini nilimjua Koplo: hajawahi kubakiza jani, na haya yalikuwa yameachwa mazima. Konokono naye angeacha utelezi wake, nao haukuwapo. Nikachimba kwa kidole kando ya shina lililokatwa. Akatoka sota, yule kiwavi wa udongoni anayekata miche usiku, mnene, wa kijivu, amejikunja kama pete. Kwenye shina la pili, mwingine. La tatu, hivyo hivyo.

Kusema nisingeweza. Nikawapanga kizingitini mstari mmoja, kama wafungwa kwenye hesabu ya asubuhi, kila mmoja na mche aliouangusha. Baba akafungua mlango, akainama.

"Hawa umewakamata wapi?"

"Chini ya kabichi, afande," nikanong'ona.

Radhi hakuomba, askari wa kambi ile hamwombi sungura radhi. Alisema tu, "Koplo aachiwe kwa dhamana," akamrudishia Mama Okiror vitunguu vyake. Mama yule alinuna wiki nzima, maana alikuwa ameshavimenya.

Leo tunakaa Nkoma, Mbale. Mdogo wangu akiona mche umeanguka anaupiga picha, simu inamtajia ugonjwa wa nchi zenye theluji, na dawa inanunuliwa kabla kidole hakijagusa udongo. Dawa inaua nyuki, inaua vyura. Sota yuko chini, amelala, ameshiba. Enzi zetu mshukiwa alionewa, sikatai, lakini angalau kulikuwa na mtu wa kuchimba.