Viatu Mlangoni: Picha Iliyowatenganisha Dada Wawili

Dada mtu anashuku kwamba mdogo wake anatembea na mumewe. Shaka ilianza na picha ambayo haikufunguka.

Ni saa tatu asubuhi, na mdogo mtu amepiga magoti juu ya kiti cha plastiki chumbani kwake. Majirani wanamwita Bi Picha. Sakafuni ametandika karatasi nyeupe, na juu yake ameweka sufuria. Anainama, anapiga picha, anaitazama simu, anasonya. Kisha anaigeuza sufuria ili upande ulioungua usionekane.

"Makala ya leo ni ya kuanza maisha baada ya talaka," anasema. "Hii ni sufuria mpya ya mwanamke mwenye maisha mapya. Lazima idanganye kidogo."

Mwenyewe aliachika miaka minne iliyopita. Sufuria ni ile ile aliyotoka nayo kwa mume.

Kazi yake ni kutia picha kwenye makala za blogu moja inayoandika mambo ya ndoa na nyumba. Kila makala inataka picha tatu. Malipo ya makala moja yanatosha mikate minne na nusu, na wiki nzuri huwa na makala tano. Mwenye blogu hataki picha za kuokota mtandaoni, kwa sababu aliwahi kutishiwa kesi na mpiga picha mmoja. Kwa hiyo Bi Picha anapiga zake mwenyewe: mapazia ya jirani, mikono ya fundi cherehani wa ghorofa ya chini, vikombe, milango. Sura za watu hapigi.

"Nikiona kitu kimepigwa na mwanga vizuri, naweka akiba," anasema. "Sijui kitakuja kufaa lini."

Katika akiba hiyo kulikuwa na picha ya jozi ya viatu vya kiume na kandambili za kike, vimepangwa pamoja kizingitini. Viatu ni vya shemeji yake, mume wa dada, ambaye ni fundi bomba. Kandambili ni za Bi Picha. Shemeji alikuja kuziba bomba la sinki, akavua viatu kwa sababu sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Hivyo ndivyo Bi Picha anavyoeleza.

Simuni mwake ana maelfu ya picha. Ili asipotee, kila moja ameipa jina lake. Hiyo aliiita "viatu vya shemeji mlangoni kwangu".

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila picha inayopandishwa kwenye blogu ina kisanduku cha kuandika inaonyesha nini. Picha ikifunguka, maneno hayo hayaonekani. Mtandao ukiwa mzito, picha inagoma na maneno yanajitokeza mahali pake. Siku hiyo Bi Picha alikuwa na haraka. Badala ya kuandika maelezo mapya, alilibandika lile jina kama lilivyo.

Makala yenyewe iliitwa "Dalili za Mume Mwenye Nyumba ya Pili".

Dada ni mpokea wagonjwa katika zahanati. Alikuwa hakosi kusoma makala hata moja, kwa kujivunia kazi ya mdogo wake. Mtandao wa pale unasuasua. Aliifungua makala mezani kwake, wenzake wawili wakichungulia nyuma ya bega. Picha haikufunguka. Chini ya dalili ya tatu wote watatu wakasoma: viatu vya shemeji mlangoni kwangu.

"Mmoja akacheka," anasema dada. "Mwingine hakucheka. Huyo asiyecheka ndiye aliyenimaliza."

Jioni hiyo aliingia kwa mdogo wake bila hodi. Alikuwa na ufunguo wake.

"Viatu vya mume wangu vinafanya nini kwako?"

"Dada, alikuja kuziba bomba."

"Bomba! Bomba gani linazibwa miguu mitupu?"

Bi Picha akatoa simu amwonyeshe tarehe na saa ya picha, akidhani itamwokoa. Jumamosi, saa saba mchana, mlango wazi, jua kali. Dada akaitazama tarehe. Jumamosi ile mumewe alikuwa amemuaga kwamba anakwenda ng'ambo ya mji kumfungia tajiri mmoja tangi la maji.

Tulimkuta shemeji kazini, ameingiza kichwa chini ya sinki la watu. Alijibu bila kutoka.

"Nilidanganya, ndiyo. Mke wangu hataki kazi za bure. Ukoo mzima unaniita kwa mabomba yao, na yeye hasahau hata moja. Ningemwambia nakwenda kwa mdogo wake, angesema lazima anilipe. Nikaona heri nimtaje tajiri."

Tulimuuliza: ulikwenda kwa shemeji yako mara ngapi?

"Mara moja."

Tukamwambia kwamba Bi Picha alitutajia mara mbili.

 Chini ya sinki spana ikazunguka, ikasimama.

"Aa, ile nilifuata spana niliyoisahau. Ile siihesabu."

Tulimpelekea dada jibu hilo. Alitabasamu kidogo.

"Umeona? Hata wewe mgeni umeanza kuhesabu. Mimi je, ninayelala naye?"

Hasemi kwamba ana hakika. Anasema hakika ingempumzisha. "Huyu mdogo wangu nimemwogesha mimi. Nimemsuka mimi. Najua akidanganya anashika sikio. Siku ile alikuwa ameshika simu kwa mikono yote miwili. Sasa nitajuaje?"

Mwenye blogu anasema maneno yale aliyafuta nusu saa baada ya kuambiwa. Picha hakuitoa. "Makala inasomwa kuliko zote," anasema. Bi Picha anahisi jamaa hakuumia sana na mkasa huu. Jamaa naye amemuuliza, kwa utani wa nusu nusu, kama hakufanya makusudi.

Bi Picha alipendekeza aje na shemeji, wakae wote watatu wayamalize. Dada alimjibu kwa ujumbe: "Mje wawili na maneno mliyokwisha kuyapanga?"

Mpango wa Bi Picha sasa ni kuacha blogu na kuwapigia wenye maduka picha za bidhaa. Sabuni haina shemeji, anasema. Anataka siku moja dada akubali kukaa naye, wao wawili tu, amuulize lolote mpaka achoke.

Picha ile ilimlipa mkate mmoja na nusu. Hasara yake anaitaja mwenyewe. Ufunguo, ambao dada aliusukuma chini ya mlango na kuondoka bila kubisha. Chakula cha mchana cha Jumapili, ambacho kwa miaka minne alikula kwa dada. Watoto wawili wa dada, ambao wakikutana naye barabarani wanamwamkia na kuongeza mwendo. Mikono ya fundi cherehani, ambaye siku hizi akiona simu anaificha mikono hiyo ndani ya kitambaa.

"Na dada," anasema. "Mama alishafariki, baba sikumjua. Nilikuwa naye huyo tu."