Viti Alivyovichagua Gebhard Nägele

Gebhard Nägele alisaga gia kwa miaka thelathini na minane katika kiwanda kimoja karibu na Bietigheim, kusini mwa Ujerumani, na muda wote huo hakuna aliyemsikia akitamani kitu, isipokuwa kimoja. Alilitaka gari la michezo, lile fupi lenye injini nyuma, linaloundwa hapo hapo kwao na ambalo kila siku alilitazama likipita na watu wengine ndani. Jipya hakuthubutu hata kuliota. Lakini mwaka aliostaafu, kipande cha shamba la mizabibu alichoachiwa na baba yake kilipata mnunuzi, na gari lililotumika likawa jambo la kuzungumzika mezani.

Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Gebhard alivijua vikorombwezo vya magari yale kuliko majina ya majirani zake: breki za kauri, viti vya mashindano, kifaa cha kuinua pua ya gari kwenye matuta, usukani wa aina hii na wa aina ile.

"Gari lililotumika huliagizii kitu," alimweleza mkewe, Roswitha, huku wakimenya viazi. "Aliyelinunua jipya ameshakuchagulia. Kazi yako ni kumtafuta mtu aliyekuwa na akili kama yako."

"Na akiwa hana?"

"Basi unanunua ujinga wake."

Roswitha alicheka. Yeye mwenyewe alikuwa ameshona ngozi kwa miaka ishirini na minne, katika karakana iliyovalisha vipande vya ndani vya magari ya namna hiyo. Gebhard alilijua hilo. Alijua kwamba mkewe alitoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi na dole gumba limevimba, na kwamba mwishowe nyonga ndiyo iliyomrudisha nyumbani kabla ya wakati. Ila alikuwa akishona nini hasa, hakuwahi kumuuliza.

Mwezi wa tano walikwenda Leonberg, kwenye yadi ya kijana mmoja aitwaye Killinger, mwenye viatu vinavyong'aa na adabu za kutosha. Yalikuwapo magari mawili ya umri mmoja na injini ya aina moja. La kwanza lilikuwa la kijivu, limevalishwa ngozi kila mahali: deshibodi, milango, hata vijiti vya matundu ya kiyoyozi. Viti vyake vilipashwa joto na kusogezwa kila upande. La pili lilikuwa jeupe, lina breki za kauri, na viti vyake vilikuwa vya kaboni, vigumu, vyenye kingo ndefu za kumshika dereva mbavuni kwenye kona.

Gebhard alilizunguka lile jeupe mara tatu. Alijisikia anatazamwa na Killinger, na moyoni alitaka kijana yule ajue kwamba huyu mzee mwenye koti la mvua si mtu wa kuuziwa chochote kile.

"Gebhard, hebu njoo uone," Roswitha aliita. Alikuwa ameinama ndani ya lile la kijivu, mkono mmoja umeshika mlango, dole gumba la mkono wa pili likipita polepole juu ya mshono.

Hakwenda. Alisimama pale pale na kusema kwa sauti ya kusikika yadi nzima, "Achana na hilo! Hilo ni la madaktari wa meno. Nani mwenye akili timamu anavalisha ngozi tundu la upepo? Aliyeagiza alikuwa na pesa za kuchezea, na aliyeshona hakuwa na kazi ya kufanya!"

Killinger aliangua kicheko, na Gebhard akafurahi sana kuchekewa.

Roswitha alijinyoosha, akaufunga mlango wa gari la kijivu taratibu, akaja kusimama kando yao. Gebhard alipomuuliza anaonaje, alijibu, "Gari lako, chagua wewe." Hakujaribu kukaa. Jioni ile ile Gebhard alitia saini kulinunua lile jeupe.

Jumapili ya tatu baada ya hapo walialikwa bonde la Remstal. Edeltraud, aliyekaa meza moja na Roswitha karakanani miaka yote ile, alikuwa anatimiza miaka sitini na mitano, na chakula kiliandaliwa nje ya nyumba moja ya wageni. Roswitha alisema angependa kwenda kwa treni. Gebhard hakutaka kusikia. Watu waone gari!

Kuingia, mkewe aliingia kwa shida, akijitupa kama mtu anayejitosa ndani ya pipa. Walipofika, meza zilikuwa zimejaa, na Gebhard akaliegesha gari kwenye changarawe mbele ya macho ya watu wote. Kisha akazunguka kumfungulia mkewe mlango.

Roswitha hakuweza kutoka. Ukingo wa kiti ulikuwa juu kuliko nyonga yake ilivyoweza kupanda. Alijaribu mara ya kwanza, akarudi chini. Mara ya pili akauma mdomo.

"Toa mguu kwanza," Gebhard alinong'ona. "Mguu, halafu mwili."

"Ningeweza kuutoa ningekuwa nimeshautoa."

Alimvuta mkono. Roswitha akatoka kwa kuanguka, akatua kwa magoti na viganja juu ya changarawe, gauni lake la buluu limepanda mapajani. Mezani uma zilinyamaza. Edeltraud ndiye aliyekuja mbio, akamwinua, akamshusha gauni, akampangusa vumbi. Hakumtazama Gebhard hata kidogo.

Hayo yangetosha. Lakini walipokwisha kukaa, nyama na vitunguu vimeletwa, Edeltraud alitaka kuichangamsha meza. "Jamani, hamjui! Roswitha alinipigia simu mwezi uliopita, ameikuta kazi yake mwenyewe Leonberg! Gari la kijivu. Mnakumbuka alivyokuwa akirudisha uzi mara mbili chini ya tundu la kushoto, na msimamizi akimgombeza kwamba anapoteza muda? Basi ameukuta, haujalegea hata kidogo." Akamgeukia Gebhard. "Sasa mbona hamkulichukua?"

Wanawake sita waliowahi kushona nao karakanani waliinua macho. Wote walikuwa na vidole vile vile vilivyopinda. Gebhard alihisi damu ikimpanda hadi kwenye ngozi ya kichwa. Alifungua kinywa bila kujua atasema nini, na kabla hajasema, Roswitha alijibu.

"Injini yake ilikuwa na kasoro. Gebhard aliisikia mara moja tu ilipowashwa. Anayajua haya mambo."

Alisema huku akikata nyama yake, kwa sauti ya kawaida kabisa. Wanawake wakaitikia kwa vichwa kwa heshima, na mmoja akasema ni bahati kuwa na mume fundi. Gebhard akafunga kinywa. Alikunywa mvinyo wake, akaiacha sifa ile imkalie. Baadaye, katika maisha yake yote, hilo ndilo lililomuuma zaidi: si maneno aliyoyasema yadini, bali kwamba pale mezani alipewa uongo kama mtu anayepewa koti kwenye baridi, naye akauvaa.

Jumatatu asubuhi alikuwa Leonberg kabla yadi haijafunguliwa. Gari la kijivu lilikuwapo bado, lakini lilikuwa limeshauzwa kwa mtu wa Ulm na lilisubiri namba za usajili tu.

"Naomba nilitazame ndani," Gebhard alisema.

Killinger alifungua, akitabasamu. "Umebadili mawazo, Bwana Nägele? Si ulisema aliyeshona hakuwa na kazi ya kufanya?"

Gebhard alikaa, akapeleka kidole chini ya tundu la kushoto. Uzi ulikuwa umerudishwa mara mbili, mdogo, mkavu, umekaza.

"Aliyeshona ni mke wangu," alisema. "Alikuwa amesimama nasi siku ile."

Tabasamu la Killinger lilizimika. Alitazama viatu vyake.

Nyumbani alimkuta Roswitha anachambua dengu. Alimwambia alikotoka.

"Nilikusikia siku ile, Gebhard. Nilikuwa hatua tatu kutoka ulipokuwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya yule kijana? Ungefedheheka." Akaendelea kuchambua.

Alitafuta viti vya kawaida kutoka gari lililogongwa, akavipata Heilbronn, na fundi akavifunga mahali pa vile vya kaboni. Alimwomba Roswitha achague ngozi ya kuvivalisha, rangi yoyote, mshono wowote. Roswitha alivibonyeza kwa kiganja, akasema kitambaa kinatosha, ngozi ameshaishika ya kumtosha. Alikubali kupanda hadi kwa daktari na kurudi. Kwenda Remstal aliendelea kupanda treni.

Mwezi wa tisa Gebhard alikwenda Remstal peke yake, akagonga mlango wa Edeltraud. Alivua kofia.

"Injini ya lile gari la kijivu haikuwa na kasoro," alisema. "Mimi ndiye niliyeicheka kazi yenu. Akiwa anasikia."

Edeltraud alikuwa na taulo la vyombo mkononi.

"Tulijua kuna kitu," alisema. "Roswitha akidanganya masikio yanamgeuka mekundu. Meza nzima tuliyaona." Kisha akasogea kando ya mlango. "Ingia, kahawa ipo jikoni."

Gebhard alishukuru, akasema ameliacha gari mahali pabaya. Halikuwa mahali pabaya. Alirudi nalo polepole, akiwapisha wote waliotaka kumpita.